Kutoa Kizazi kwa Sababu ya Fibroidi: Nani Aamue?

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo akina mama hulisema kwa sauti ya chini, wawili wawili, baada ya Misa au kisimani, wala si mbele ya wanaume. Ni uvimbe ndani ya kizazi, ule unaoitwa fibroidi hospitalini, pamoja na neno linalofuata mara nyingi baada ya picha ya ultrasaundi: "Mama, itabidi kizazi kitolewe."

Neno hilo likishatamkwa, nyumba nzima huingia katika msukosuko. Mume hunyamaza. Mama mkwe huuliza kama ndiyo mwisho wa watoto. Shangazi anamjua mganga anayeyeyusha uvimbe kwa dawa ya kunywa. Ukoo hukaa kikao, na katika kikao hicho mwenye kizazi ndiye anayesema maneno machache kuliko wote.

Sisi tuna maoni yetu, nasi tutayasema waziwazi. Yapo makosa mawili. La kwanza ni kukitoa kizazi haraka, kabla mama hajaelezwa njia nyingine. Hilo limekwisha kusemwa sana. La pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalowaumiza zaidi akina mama wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni kukilinda kizazi mpaka mwenye nacho akaribie kwisha damu mwilini.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Fibroidi ni vivimbe vya nyama ngumu vinavyoota katika ukuta wa kizazi. Kwa kawaida si saratani. Ni vya kawaida mno: uchunguzi uliofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake 80 katika kila 100 wenye asili ya Afrika huwa navyo. Wengi hawajui, maana hawasikii lolote. Havitokani na kulogwa. Tumesikia pia watu wakisema ni adhabu ya kutoa mimba au ya uasherati. Masista nao huvipata, na hatujasikia mtu akiwauliza swali hilo! Ukweli ni kwamba mwanamke ambaye hajazaa huvipata kwa urahisi zaidi kuliko aliyezaa. Homoni za mwanamke ndizo zinazovilisha, na kwa hiyo hedhi ikikoma kwa kawaida hunywea vyenyewe.

Ndiyo maana mama wa miaka 49 mwenye uvimbe usiomsumbua hana haja ya kisu. Akina mama hupenda kulinganisha ukubwa: wa huyu kama chungwa, wa yule kama kichwa cha mtoto. Lakini ukubwa peke yake hauamui. Uvimbe mdogo kama karanga, ukiota upande wa ndani pale inapotoka damu ya mwezi, waweza kumwaga damu nyingi sana. Mwingine mkubwa kama boga, ukiota upande wa nje, waweza kukaa kimya miaka mingi. Swali la kuuliza ni hili: uvimbe huu unamfanya nini mama huyu?

Jibu lake husomwa kwanza katika damu. Mama anabadilisha kitambaa kila saa moja au mbili. Anatoa mabonge. Siku zake zinapita saba. Akitembea hadi sokoni moyo unadunda na pumzi zinamwishia. Jambo moja tunalowaomba mlitazame vizuri ni udongo. Mama asiye na mimba anayetamani udongo kila siku mara nyingi ana upungufu wa madini ya chuma, na watu wa nyumbani humcheka badala ya kumpeleka kupimwa. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu hemoglobini yake ikiwa chini ya 12. Ikiwa chini ya 8 upungufu huo ni mkali. Mama aliyezoea kutokwa damu kidogo kidogo kwa miaka aweza kuwa chini ya hapo na bado anashika jembe, nasi tunamsifu kwa uvumilivu. Moyo wake unafanya kazi ya mioyo miwili.

Huku kwetu ni lazima kuongeza neno. Si kila damu ni ya fibroidi, hata kama fibroidi imeonekana kwenye picha. Malaria na safura hupunguza damu pia. Kichocho, ambacho watoto wetu wamekijua tangu malamboni, huweza kuingia katika viungo vya uzazi vya mwanamke na kumtoa damu baada ya tendo la ndoa au kati ya mwezi na mwezi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine. Basi mama asikubali upasuaji kabla mlango wa kizazi haujatazamwa na kupimwa. Akiwa amepita miaka 45 na damu yake imebadilika, aulize kama inafaa kuchukua kinyama kidogo cha ndani ya kizazi kwa uchunguzi. Aliyekwisha koma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu tena, aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Tuje kwenye njia zenyewe. Ya kwanza ni kungoja na kuangalia, pamoja na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo vinywewe mbali na chai, maana chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini. Zipo dawa za kupunguza damu, zinazomezwa siku za hedhi tu. Zipo na dawa za homoni. Kuhusu hizo za homoni baadhi ya waamini huingiwa na hofu. Wasiwe na hofu: barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1968, Humanae Vitae, katika kifungu cha 15 inaruhusu tiba inayohitajika kuponya ugonjwa, hata kama tiba hiyo itazuia mimba, mradi kuzuia mimba kusiwe ndiyo nia.

Njia nyingine ni kupasua na kutoa vivimbe tu, kizazi kikabaki. Mmoja wa waliohangaika sana kuikuza njia hiyo alikuwa daktari Mwingereza, Victor Bonney wa London, ambaye mke wake mwenyewe alitolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi na wakabaki bila mtoto. Ni njia inayomfaa hasa mama anayetaka bado kuzaa. Lakini aambiwe ukweli wote: vivimbe huweza kuota tena. Mcheza filamu Lupita Nyong'o, mwenye asili ya Kenya, alieleza mwaka 2025 kwamba mwaka 2014 aligunduliwa kuwa na vivimbe 30, akapasuliwa, na baadaye vikarudi. Huyo ni mtu mwenye uwezo wa kufika hospitali yoyote duniani.

Ipo pia njia ya kuziba mishipa ya damu inayoulisha uvimbe, bila kupasua tumbo. Madaktari wa Paris waliitangaza mwaka 1995, na katika miaka ya karibuni imefanyika hata Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa mama wa Bariadi bado iko mbali kwa safari na kwa fedha, lakini yafaa kujua kwamba ipo.

Na dawa za mizizi? Hatusemi kwamba kila mganga ni mwongo. Tunasema kwamba hatujui mzizi wowote uliothibitishwa kuyeyusha fibroidi, na kwamba gharama yake kubwa si ng'ombe anayetolewa bali ni miezi inayopita huku damu ikimwagika.

Inabaki njia ya kukitoa kizazi. Mama aliyemaliza kuzaa, anayetokwa damu mwezi baada ya mwezi, aliyejaribu dawa bila nafuu, au ambaye uvimbe unakandamiza kibofu na mirija ya mkojo, kwake upasuaji huo ni tiba halali na ya kudumu. Hedhi haitarudi, wala fibroidi hazitaota tena katika kizazi kisichokuwapo. Tunasikitika tunapoona mama wa namna hiyo akizuiwa kwa miaka mitatu au minne kwa sababu ya maneno ya watu, kisha akapelekwa hospitali usiku, amelegea, ndugu wakikimbizana kutafuta wa kumtolea damu. Upasuaji uliopangwa, mama akiwa ameongezewa damu yake kwanza kwa vidonge au sindano, una hatari ndogo kuliko ule wa kukurupuka.

Wengi wanauliza: je, si dhambi? Si dhambi. Kanisa limelijibu swali hili kwa maandishi. Tarehe 31 Julai 1993, Idara ya Mafundisho ya Imani huko Roma ilisema kwamba kizazi kikiwa na ugonjwa na ni hatari kubwa kwa uhai au afya ya mama, ni halali kukitoa, ingawa hatazaa tena. Kinachokatazwa ni kutoa kizazi, au kufunga mirija, kwa sababu tu ya kuogopa mimba itakayokuja. Mnamo tarehe 10 Desemba 2018 ofisi hiyo iliongeza jibu kuhusu kizazi ambacho wataalamu wana hakika kwamba hakiwezi tena kubeba mimba mpaka mtoto aweze kuishi: kukitoa hicho si kufunga uzazi.

Waume nao wana swali lao, ingawa hawaliulizi kwa padre. Wapo wanaokumbuka ng'ombe wa mahari, na wapo wanaoanza kutazama pembeni. Tunawajibu kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084: utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mke aliyetolewa kizazi ni mke yule yule wa kiapo kile kile. Kuhusu tendo la ndoa, linarudi baada ya majuma sita hivi, jeraha likishapona na daktari akiridhika. Wanawake wengi waliokuwa wakiteseka kwa damu na maumivu husema mambo yamekuwa afadhali. Maneno ya kwamba mwanamke "anakuwa mtupu" au "anakuwa dume" hayana msingi, hasa akiachiwa vifuko vya mayai.

Hapo pana jambo ambalo mama lazima aliulize kabla ya kuweka sahihi: vifuko vya mayai vitabaki? Vikibaki, homoni zake zinaendelea, ingawa ukomo wa hedhi huenda ukaja mapema kidogo. Vikitolewa vyote akiwa bado kijana, atapata joto la ghafla na jasho la usiku, na baadaye mifupa na moyo vyaweza kudhoofika. Kama havina ugonjwa, tunaona si haki kuvitoa kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi bila kumweleza. Aulize pia ni nani atakayempasua, kama damu ya akiba ipo, na kama kadi yake ya bima inalipia. Kama hakuridhika, ana haki ya kusikia daktari wa pili. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo hapo hapo Bariadi, eneo la Nyaumata, na kwa kesi nzito ipo Bugando, Mwanza, hospitali ya Maaskofu wetu iliyofunguliwa mwaka 1971. Barabara ya lami ya kupitia Lamadi imepunguza sana shida ya safari.

Kisha aamue yeye. Mume asikilizwe, maana ndoa ni ya wawili, na yafaa aende naye kwa daktari ayasikie maelezo kwa masikio yake, asiletewe habari nusu nusu. Wazazi washauri. Lakini kura ya mwisho ni ya mama, na kikao cha ukoo hakina sahihi katika karatasi ile. Akisema anangoja kwa kuwa bado anatamani mtoto, aheshimiwe, na apimwe damu mara kwa mara. Akisema amechoka kumwaga damu, aheshimiwe vivyo hivyo. Mwenye mashaka ya dhamiri amwone padre wake, na kabla ya upasuaji mkubwa aweza kuomba Mpako wa Wagonjwa; sakramenti hiyo si ya wanaokata roho tu.

Kuhusu majira, wengi hungoja pamba iuzwe ndipo wapate nauli na fedha za matibabu. Kama daktari ameridhia kungoja, si vibaya, kwani baada ya mavuno jembe linapumzika. Lakini ndicho kiangazi chenyewe, maji yamekwenda mbali, na aliyetolewa kizazi asibebe kitu kizito kwa majuma sita: asitwishwe ndoo, asibebe gunia la mahindi wala mzigo wa kuni, asitwange. Mshono wa nje hupona haraka na kuwadanganya watu. Wa ndani huchukua muda. Akipata homa, usaha, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, arudishwe hospitali mara moja. Jumuiya ndogondogo wapange zamu ya kuni na ya kupika. Na mkokoteni wa ng'ombe uliopeleka pamba kwenye chama cha msingi waweza kuchota mapipa mawili ya maji kila asubuhi, baba akiushika mwenyewe.