Kuku Mmoja, Nyumba Nzima



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii tunaijua sote. Mgeni akifika, kuku anachinjwa. Mgeni anakula, na mwenyeji naye anapata.

Methali hii inachekesha, lakini ina jambo la kutufikirisha. Kwa nini mwenyeji asubiri mgeni ndipo apone? Kuku ni wake. Mboga zimetoka shambani kwake. Maji ameyateka mwenyewe, na kuni amezikata mwenyewe.

Na hata kuku akichinjwa, tazama anavyogawanywa. Katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba. Mapaja ni ya baba na mgeni. Mama aliyepika anabaki na shingo na miguu. Watoto wadogo wanapewa mchuzi wa kuchovyea ugali. Huenda mama huyo ni mjamzito. Huenda mtoto huyo ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Wanaohitaji nyama zaidi ndio wanaoipata kidogo.

Maoni yangu ni haya. Kuku apikwe pamoja na mboga nyingi katika chungu kimoja. Akatwe vipande vidogo vidogo. Kila mtu wa nyumba apate kipande. Wa kwanza kupakuliwa wawe mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo.

Nitaeleza sababu zangu. Wewe zipime, kisha uamue.

Sababu ya kwanza ni damu

Damu yetu inahitaji madini ya chuma. Madini haya yanaisaidia damu kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Yakipungua, mtu anachoka upesi. Akipanda kilima, anahema sana. Viganja vyake na ndani ya kope vinapauka. Mtoto hachezi kama wenzake, na masomo yanamshinda. Mama mwenye damu kidogo yuko hatarini siku ya kujifungua, kwa sababu siku hiyo damu hutoka.

Jambo hili si dogo. Tanzania ilifanya utafiti wa afya mwaka 2015 na 2016. Watoto wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 walipimwa damu. Katika kila watoto 100, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipimwa pia. Katika kila wanawake 100, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu.

Chakula si sababu pekee. Malaria hupunguza damu. Minyoo ya safura hunyonya damu tumboni. Kwa hiyo chandarua, choo na dawa bado vinahitajika. Lakini chakula ni jambo tulilo nalo mikononi mwetu kila siku.

Sababu ya pili ni kwamba nyama na mboga husaidiana

Mboga za majani zina madini ya chuma. Matembele yanayo, majani ya maboga yanayo, majani ya kunde yanayo. Lakini tumbo hupata shida kuyachukua madini ya mboga. Sehemu kubwa hupita tu.

Nyama huleta msaada. Mtu akila kipande cha nyama pamoja na mboga, tumbo lake huyachukua madini ya mboga kwa wingi zaidi. Nyanya na ndimu husaidia pia. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula, huzuia. Ni vizuri kusubiri saa moja au zaidi baada ya kula, ndipo unywe chai.

Sasa fikiri. Mtu mmoja akila paja zima, amefaidi yeye peke yake. Paja hilo likikatwa vipande vinne, na watu wanne wakila kila mmoja kipande pamoja na mboga, mboga za watu wote wanne zinafanya kazi vizuri zaidi. Kipande kidogo si cha kudharauliwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Sababu ya tatu ni chungu chenyewe

Wengi wetu tunapikia sufuria za alumini. Ni nyepesi, na bei yake ni nafuu. Lakini kipo pia chungu cha chuma. Ni kizito, cheusi, na kina kifuniko kizito. Vingine vina miguu mitatu. Katika nchi za Afrika ya Kusini, Botswana na Zimbabwe vyungu hivi vinatumika sana.

Chungu cha chuma kina faida mbili. Kwanza, kinashika moto. Kikishapata joto, kinaendelea kuchemka kwa kuni chache. Pili, chuma kidogo sana kutoka kwenye chungu huingia katika chakula. Mchuzi wenye nyanya au ndimu huchukua chuma zaidi.

Jambo hili limepimwa. Nchini Ethiopia watoto wadogo waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipikiwa katika vyungu vya chuma. Kundi lingine lilipikiwa katika sufuria za alumini. Baada ya mwaka mmoja, damu ya watoto wa vyungu vya chuma ilikuwa imeongezeka zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999.

Chungu hiki kina taabu zake pia. Kinashika kutu. Ukishakiosha, kikaushe juu ya moto mdogo, kisha kipake mafuta kidogo ndani. Usilaze mchuzi humo usiku kucha, kwa maana utakuwa mweusi na utakuwa na ladha ya chuma. Na bei yake ni kubwa. Kama huna, pikia chungu cha udongo au sufuria uliyo nayo. Kugawa vizuri ni muhimu kuliko chungu.

Namna ya kupika

Hivi ndivyo ninavyopendekeza. Tayarisha vitu hivi:

Kuku mmoja wa kienyeji.
Vitunguu maji 2 na nyanya 5 zilizoiva.
Punje 4 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole.
Kijiko kimoja kidogo cha bizari ya manjano, na kimoja cha bizari nyembamba.
Karoti 3, nyanya chungu 4 na bamia chache.
Fungu kubwa la majani ya maboga au matembele.
Ndimu 1, chumvi, na vijiko 3 vya mafuta.

Mkate kuku vipande 16. Usitupe ini. Mpake chumvi, nusu ya ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Mwache kwa muda wa nusu saa.

Injika chungu mekoni. Tia mafuta. Yakipata moto, kaanga kuku mpaka abadilike rangi. Mtoe, umweke pembeni. Kaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu. Tia bizari zote mbili, ukoroge kidogo tu, kwa sababu bizari huungua upesi. Tia nyanya. Koroga mpaka ziwe rojo.

Rudisha kuku. Tia maji ya moto mpaka yamfunike. Funika chungu. Ondoa kuni nyingine ili moto uwe mdogo. Kuku wa kienyeji ni mgumu, hasa akiwa tetea mzee. Anaweza kuchukua saa moja na nusu au hata saa mbili. Usiharakishe moto. Nyama inalainika kwa moto wa polepole.

Nyama ikianza kulainika, tia karoti na nyanya chungu. Baada ya dakika 15 tia bamia. Mwisho tia majani yaliyooshwa, kisha ukatwe. Yakishanywea, epua. Kamulia nusu ya ndimu iliyobaki.

Namna ya kugawa

Nyumba yenye watu 8 itapata vipande viwili viwili. Nyama ya mapaja ina chuma nyingi kuliko nyama ya kifua. Basi usiwapelekee wakubwa mapaja yote. Ini lina chuma nyingi zaidi. Liponde, umpe mtoto mdogo. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula ini na mboga zilizopondwa sana, pamoja na maziwa ya mama yake. Toa mifupa yote kwanza.

Mpakulie mtoto katika sahani yake mwenyewe. Akila katika sinia pamoja na wakubwa, hawezi kushindana nao. Wao wana mikono mikubwa na haraka. Yeye atashiba ugali tu.

Wapo watakaopinga

Mmoja atasema, "Baba ndiye anayefanya kazi nzito." Mimi nauliza, mama anafanya kazi gani? Analima. Anateka maji. Anabeba kuni kichwani na mtoto mgongoni. Jioni wengine wakipumzika, yeye anapika. Akiwa mjamzito, anatengeneza damu ya watu wawili. Kama kipimo ni kazi, basi mama hakosi kipande.

Mwingine atasema, "Hiyo ndiyo mila yetu." Mila nzuri tuzishike. Lakini mila inaweza kubadilishwa na wenyewe. Zamani katika Buganda, nchini Uganda, mwanamke alimpika kuku lakini hakuruhusiwa kumla. Mayai pia alikatazwa. Leo wanawake wengi wa huko wanakula kuku na mayai. Hawakuacha kuwa Waganda.

Wa tatu atasema, "Kuku ni fedha. Nikimla, mtoto atakosa daftari." Huyu ana hoja ya kweli, na sipendi kuipuuza. Kuku wa kijijini ni kama akiba. Tunamuuza tukipata shida. Sisemi uchinje kila wiki. Nasema, ukiuza kuku wanne, wa tano mchinje kwa ajili ya nyumba yako, bila kusubiri mgeni. Na chanja kuku wako dhidi ya kideri. Chanjo ni tone moja katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kideri kinaweza kuua banda zima kwa siku chache. Kuku waliokufa hawakununua daftari, wala hawakuongeza damu ya mtu.

Siku zisizo na kuku, dagaa wachache wakipikwa pamoja na mboga na nyanya husaidia kwa namna ile ile. Nao pia wagawiwe kwa wote.

Neno la mwisho

Mwaka 1975 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio, walisoma vijitabu na kujadiliana. Jina lile bado ni kweli. Lakini chakula kikiwa ni uhai, basi anayegawa chakula anagawa uhai. Jambo hilo linatutaka tuwe na haki.

Ewe baba unayesoma, siku kuku atakapopikwa, sema wewe mwenyewe mbele ya wote, "Mpeni mama kwanza." Neno lako litasikiwa kuliko langu. Ewe mama unayesoma, usijinyime ukadhani ndiyo heshima. Damu yako ni damu ya mtoto wako. Na kama wewe ni mjamzito, nenda kliniki ukapimwe damu, na umeze vidonge utakavyopewa. Mchuzi hauchukui nafasi ya dawa.

Mgeni akija, karibu sana. Kipande chake kipo. Lakini mwenyeji naye apone hata siku ambayo mgeni hakuja.

Maswali ya kujadili darasani

1. Nyumbani kwenu, ni nani anayepata firigisi? Ni nani anayepata shingo? Kwa nini?
2. Kwa nini kipande kidogo cha nyama huwafaa watu zaidi kikiliwa pamoja na mboga?
3. Taja mboga tatu za kijijini kwenu zinazoweza kutiwa katika mchuzi wa kuku.
4. Mwandishi anasema, "Ukiuza kuku wanne, wa tano mchinje." Je, unakubaliana naye? Eleza sababu zako.