Fedha za Kuotea Moto

Ndugu wasomaji, safu hii kwa desturi huzungumzia sufuria, ndoo, na namna ya kuufikisha mshahara mwisho wa mwezi bila kukopa dukani. Leo naomba radhi, maana nataka tusafiri hadi Uingereza. Hata hivyo hatutakwenda mbali na jikoni. Shauri lenyewe ni la moto wa kuota, na la mzee ajiulizaye usiku kama awashe chombo cha joto au ajifunike blanketi la pili.

Aliyenisukuma kuandika haya ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye hunijia kila Jumapili baada ya chakula kusoma gazeti langu ili asinunue lake. "Mwanangu," aliniuliza, "hao wenye serikali tajiri, imekuwaje wakagombana karibu mwaka mzima kwa ajili ya paundi mia mbili za wazee?" Nilianza kumweleza, na chai ikapoa sote wawili tukiwa hatujaigusa. Basi nayaweka hapa niliyomwambia, pamoja na yale aliyonijibu, maana mengine yalinishinda.

Kwanza ni hiyo baridi yenyewe. Sisi tunaolala madirisha wazi hatuijui. Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa gesi. Maji ya moto hupita katika mabomba mpaka kwenye vyuma vilivyofungwa ukutani katika kila chumba, na ankara hupanda kadiri mtu anavyotaka kuishi kama binadamu. Kijana huenda kazini akaota joto la tajiri wake mchana kutwa. Mzee hushinda nyumbani, tena damu yake haimpi joto kama zamani, na baridi humzidishia maradhi ya moyo na ya kifua. Kwa hiyo gesi kwake ni sehemu ya dawa zake.

Mwaka 1997 Gordon Brown, aliyekuwa Waziri wa Fedha katika serikali mpya ya Chama cha Labour, aliamua kila nyumba yenye mzee ipewe fedha za kusaidia ankara hiyo. Mwanzo zilikuwa paundi 20 tu, na 50 kwa wazee waliokuwa wakipata msaada wa maskini. Miaka michache baadaye zikawa paundi 200 kwa nyumba, na 300 palipo na mtu aliyetimiza miaka 80. Zilikuja zenyewe benki kabla ya Krismasi, na kwa walio wengi hapakuwa na fomu wala dirisha la kupanga foleni. Ubaya wake ulikuwa dhahiri tangu siku ya kwanza: mzee mwenye jumba kubwa na hisa za makampuni alizipata sawasawa na mjane aishiye kwa pensheni peke yake. Wapo matajiri waliozitoa sadaka, na wapo walionunulia mvinyo. Jambo hilo lilisemwa kila mwaka, na kila mwaka likaachwa.

Si kwamba hakuna aliyethubutu. Mwaka 2017 Waziri Mkuu Theresa May wa Wahafidhina aliingia katika uchaguzi akiahidi kuwapima wazee mapato kabla ya kuwapa fedha hizo. Alipoteza wingi wake Bungeni, na ili apate kutawala ikambidi aafikiane na chama kimoja cha Ireland ya Kaskazini kilichotaka malipo yabaki kama yalivyo. Wazo likarudishwa kabatini. Na waliompigia kelele wakati ule walikuwa Labour.

Basi tarehe 4 Julai 2024 Labour walishinda uchaguzi kwa viti 411 kati ya 650. Hata mwezi haujaisha, tarehe 29 Julai, Waziri wa Fedha Rachel Reeves akasimama Bungeni akasema amekuta pengo la paundi bilioni 22 katika hesabu za mwaka, na kwamba tangu majira ya baridi yanayokuja fedha za moto zitatolewa kwa wazee wapatao msaada wa serikali kwa ajili ya upungufu wa mapato, hasa ule uitwao Pension Credit. Katika England na Wales waliokuwa wakilipwa karibu milioni 11 wangebaki kama milioni moja na nusu. Hazina ingeokoa kiasi cha paundi bilioni 1.4 mwaka huo wa kwanza.

Hapo mwalimu alinikatiza. "Si haki hiyo? Mwenye nacho asipewe, asiye nacho apewe. Mimi ningepiga kura ya ndiyo."

Nami nilidhani hivyo hapo awali, ndugu wasomaji. Ni maneno matamu. Lakini ingia ndani ya hesabu. Mwaka ule mzee aliye peke yake aliweza kupata Pension Credit ikiwa mapato yake kwa juma hayakufikia paundi 218 na peni 15. Pensheni kamili ya mtindo mpya, ambayo mtu huipata baada ya kuchangia miaka 35, ilikuwa paundi 221 na peni 20. Yaani mzee asiye na kitu kingine chochote duniani ila pensheni kamili ya serikali alihesabiwa kuwa anajiweza, kwa kuwa alikizidi kipimo kwa paundi tatu na peni tano. Kwa paundi tatu hizo alikosa mia mbili. Jirani yake aliyekuwa chini kidogo alipata mia mbili, na mara nyingi akapunguziwa kodi ya baraza la mji pia; na kama ametimiza miaka 75, akasamehewa ada ya televisheni. Mama mwenye nyumba yeyote ajuaye kugawa unga kwa kibaba ataona kuwa mizani hii ina ila.

Kuna na jambo jingine kubwa kuliko hilo. Katika wazee waliostahili Pension Credit, zaidi ya mmoja katika kila watatu hawakuwa wakiichukua. Walihesabiwa kuwa mamia ya maelfu. Hao ndio maskini hasa, nao ndio walioanguka katika wavu uliotandazwa kwa ajili yao! Kwa nini hawakuichukua? Wengine hawakujua kuwa ipo. Wengine walishindwa na fomu, ambayo maswali yake yote yakihesabiwa yanapita 200, ingawa si kila mtu hutakiwa kuyajibu yote. Na wengine, naamini si wachache, waliona haya.

Haya hiyo ina historia. Uingereza ilipoanza kulipa pensheni tarehe 1 Januari 1909, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1908, ilikuwa shilingi tano kwa juma kwa mtu aliyetimiza miaka 70, na alipimwa mapato. Akizidi paundi 31 na shilingi 10 kwa mwaka hapati kitu. Si mapato tu. Hata tabia ilitazamwa, na aliyejulikana kuwa na mazoea ya kukwepa kazi aliweza kunyimwa. Kisha mwaka 1931, kazi zilipokuwa haba, serikali ikaweka kipimo kwa wasio na kazi. Wakaguzi waliingia nyumbani kwa watu, wakatazama vyombo, wakauliza mshahara wa mtoto anayeishi na baba yake, na posho ya baba ikapunguzwa kwa kuwa mwanawe amepata kibarua. Wazee wa leo walisimuliwa hayo na wazazi wao wakiwa watoto. Mtu aliyelelewa na simulizi hizo hapendi kumwonyesha karani wa serikali kitabu chake cha akiba.

Nilipofika hapo mwalimu alinyamaza kidogo. Akanikumbusha jinsi yeye mwenyewe alivyofuatilia mafao yake katika ofisi moja, safari kumi na moja, kila safari akiambiwa cheti kimoja kimepungua. "Safari ya tisa," alisema, "nilianza kujiona mwizi." Sikuwa na la kumjibu.

Turudi London. Tarehe 10 Septemba 2024 Wahafidhina walileta hoja Bungeni ya kuifuta kanuni hiyo. Ikashindwa kwa kura 348 dhidi ya 228. Mbunge mmoja tu wa Labour, Jon Trickett, alipiga kura dhidi ya serikali yake, lakini zaidi ya 50 wa chama hicho hawakupiga kura kabisa, baadhi kwa ruhusa na baadhi kwa kusitasita. Majuma mawili baadaye, katika mkutano mkuu wa chama mjini Liverpool, wajumbe walipitisha azimio lililoletwa na vyama vya wafanyakazi la kutaka uamuzi urudishwe nyuma. Azimio halikuifunga serikali, nayo haikulitii. Oktoba bei za gesi na umeme zikapanda kwa asilimia 10, na ndivyo wazee walivyoingia katika msimu wa baridi. Mwezi wa Novemba serikali yenyewe ilitoa makadirio kwamba hatua hiyo ingewatia wazee wengine 50,000 katika umaskini mwaka huo.

Haifai kuionea serikali ile. Ilikuwa na hoja. Ilisema pensheni imefungwa kwa ahadi ya kupanda kila mwaka kufuata mishahara au bei za vitu au asilimia mbili na nusu, lipi kubwa, na kweli Aprili 2025 ilipanda kwa asilimia 4.1. Ilisema pia kuwa wazee wengi wa leo wana hali nzuri kuliko vijana wenye watoto na kodi ya nyumba, na hilo nalo lina ukweli. Tena ilifanya kampeni kubwa ya kuwahimiza wazee waombe Pension Credit, na maombi yakaongezeka sana. Lakini kila aliyeomba akakubaliwa alikuwa gharama mpya, hivyo akiba iliyotarajiwa ikaanza kuliwa na dawa ya kuponya jeraha lake. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa haraka. Tangazo la Julai, baridi ya Novemba. Hata mtu anayetaka kujaza fomu hakupewa nafasi ya kupata miwani mpya.

Siasa nayo ikadai deni lake. Tarehe 1 Mei 2025 ulifanyika uchaguzi mdogo katika jimbo la Runcorn and Helsby, ambalo Labour walikuwa wamelitwaa miezi kumi tu kabla kwa tofauti ya kura 14,696. Walilipoteza kwa kura sita. Aliyelichukua ni mgombea wa Reform UK, chama ambacho siku hiyo hiyo kilijinyakulia mamia ya viti vya madiwani. Yalikuwapo mambo mengi yaliyowakera watu, uhamiaji na ugumu wa maisha yakiwamo, wala si haki kuutwika moto wa wazee mzigo wote. Lakini wabunge waliotoka kugonga milango walisema kila mlango uliofunguliwa uliwauliza habari za fedha hizo. Labour walipaswa kukumbuka: mwaka 2000 serikali yao iliyopita ilipandisha pensheni kwa peni 75 tu kwa juma, wazee wakaona wamedhihakiwa, na mwaka uliofuata ikalazimika kutoa nyongeza nono.

Tarehe 21 Mei Waziri Mkuu Keir Starmer alidokeza Bungeni kwamba atalegeza, na tarehe 9 Juni 2025 Reeves akatangaza mpango mpya: katika England na Wales fedha zirudishwe kwa kila mzee ambaye mapato yake kwa mwaka hayazidi paundi 35,000. Wazee wapatao milioni tisa kwa jumla wakawa ndani, pamoja na wale ambao hawakuwa wametolewa. Hao wengine, kama milioni mbili, watapokea pia wasipojitoa, kisha mkusanya kodi atazichukua tena kwa njia ya kodi ya mapato. Kile kilichotarajiwa kuokoa karibu bilioni moja na nusu kwa mwaka kikabaki kuokoa kama milioni 450.

Tazameni, lakini, ndugu wasomaji, jinsi kipimo kilivyogeuzwa. Safari hii mzee hajazi chochote wala haombi. Anayepimwa ni tajiri, naye hupimwa kimyakimya na ofisi ambayo tayari inayajua mapato yake. Sisi huku tumeliona swali hilo kwa sura yetu. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, haikuuliza ana mikarafuu mingapi. Kenya ilianza kwa kuwachagua wazee maskini, na mwaka 2018 ikafungua mlango kwa wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni nyingine. Katika nchi ambayo walio wengi hawana hati ya mshahara, kumpima kila mmoja ni kazi ghali, na mjumbe anayeandika orodha ana shangazi zake.

Jirani yangu alisikiliza hayo yote, akakunja gazeti langu vizuri kama la kwake.

"Na mume na mke," akauliza, "kila mmoja akiwa na elfu thelathini na nne?"

Nikamwambia hupimwa mmojammoja, kwa hiyo hao fedha zao hubaki.

"Na mjane mwenye elfu thelathini na sita peke yake?"

"Huyo zake hurudishwa zote, Mwalimu."

Akatikisa kichwa, akaomba chai ipashwe moto.