UKURASA WA NYUMBANI: Lori la Zamani Ndani ya Miwani Mpya



Mwishoni mwa 2024 askari wetu walipokuwa wakirejea kutoka Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka vikosi Desemba 2007, shemeji yangu alikuwa miongoni mwa waliorudi. Yeye ni dereva wa malori ya jeshi. Katika mizigo yake, pamoja na vitenge vya dada yangu na viatu vya watoto, mlikuwamo kompyuta ya mapajani iliyokwisha kutumika na kile kifaa kinachovaliwa usoni mfano wa miwani ya mchomelea vyuma, ambacho wataalamu hukiita miwani ya uhalisia pepe. Mwenye kuivaa hujiona yumo ndani ya picha: akigeuza shingo kulia huona yaliyo kuliani, akiinama huona magoti ya kiti alichokalia.

Alivinunua vitu hivyo kwa lengo moja. Kifungua mimba wake, kijana wa miaka 13, alikuwa amekua baba akiwa mbali, na wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa adabu kama wageni waliokutana hotelini. Baba hakuwa na hamu ya michezo ya bunduki. Jambo hilo nadhani halihitaji maelezo kwa wasomaji wa ukurasa huu. Alitaka kumketisha mwanawe kwenye kiti cha dereva, amwonyeshe kazi aliyoifanya miaka yote ile. Basi akachagua mchezo wa malori uitwao Euro Truck Simulator 2, uliotungwa na kampuni ya SCS Software ya mjini Prague na kutolewa 2012. Mchezo huo ulitengenezwa kwanza kwa ajili ya kioo cha kawaida cha kompyuta. Njia ya kuuchezea kwa miwani iliongezwa baadaye, tena kwa majaribio.

Jumapili ya kwanza, nyumbani kwao Buyenzi, kijana aliendesha kwa dakika nne tu. Dakika ya tano alitapika mkekani. Bibi yake akasema kitu kile kitolewe nyumbani kabla ya magharibi. Dada yangu hakusema mengi; aliuliza tu kitauzwa kwa bei gani, maana karo ya muhula ilikuwa haijalipwa. Shemeji alinyamaza, naye si mtu wa kunyamaza. Ndipo nilipoitwa mimi, kwa dhana kwamba aliyesomea ualimu hujua kila kitu, dhana ambayo sijafaulu kuwaondolea hadi leo.

Tuanze na ule ugonjwa, kwa kuwa ndio uliotaka kuvunja shughuli. Aliyewahi kupanda basi kutoka Bujumbura kwenda Bugarama anajua kwamba abiria hutapika kwenye kona zile, lakini dereva aghalabu hatapiki. Macho ya abiria yametua kwenye kiti cha mbele na kusema tumetulia, hali sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mwendo, linasema tunayumba. Mwili hauwezi kuamua nani mkweli. Ndani ya miwani ugomvi ni uleule ila umepinduka: macho yanasema tunakwenda, sikio linasema tumeketi. Watu wengi huweza kuuvumilia ugomvi huo kwa muda. Lakini picha inapochelewa hata kidogo kuifuata shingo, uvumilivu huo huisha mara moja, na wa mtoto huisha kabla ya wa mtu mzima.

Basi swali la haki lilikuwa hili: picha zetu zilichelewa kwa sababu gani?

Sinema huridhika na picha 24 kwa sekunde, na mchezo wa zamani kwenye kioo cha mezani hupendeza hata kwa picha 30. Miwani haikubali hivyo. Ikiwa imepangwa kuonyesha picha 90 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 11 tu za kuchora kila picha. Ikipangwa kwa 72, inapata karibu milisekunde 14. Isitoshe, kuna macho mawili, na kila jicho lahitaji mchoro wake. Kioo cha kawaida cha kompyuta ya mapajani kina doti milioni mbili hivi. Miwani ya Quest 2, iliyotoka 2020, ina doti 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, ambazo kwa macho yote mawili ni milioni saba. Kompyuta iliyouendesha mchezo wa 2012 bila jasho kwenye kioo chake ghafla imetwishwa mzigo zaidi ya mara tatu, na kuharakishwa juu yake. Wengi husema, "Mchezo ni wa zamani, utawezaje kuishinda mashine mpya?" Hapo ndipo tulipokosea na sisi.

Programu ya SteamVR inayo grafu inayoonyesha kila picha imechukua milisekunde ngapi. Niliifungua kabla sijagusa kitu kingine, nikaona 26. Yaani tulikuwa tukipata picha 38 kwa sekunde mahali palipohitaji 90. Niliiandika namba hiyo kwenye karatasi. Naomba nawe uandike, kwa sababu bila karatasi utabadili mambo sita kwa pupa, hali itengemae au iharibike, na hutajua ni lipi kati ya sita lililofanya kazi. Tulibadili jambo moja, tukapima, tukaandika, ndipo tukaenda la pili.

Jambo la kwanza lilitutia aibu. Jumapili ile umeme ulikuwa umekatika, na kompyuta ilikuwa ikitumia betri. Kompyuta za mapajani, zikitegemea betri, hujibana matumizi: hupunguza nguvu za prosesa na za kadi ya picha ili chaji idumu. Kwa kusoma barua hakuna neno. Kwa miwani ni balaa. Tulipochomeka kwenye umeme, milisekunde 26 zilishuka hadi 20. Nawaambia hasa walio Bujumbura na vitongoji vyake: umeme ukikatika katikati ya mchezo, mvue mtoto miwani papo hapo, hata kama picha bado zinaonekana. Chaji ya kompyuta haitaisha upesi, lakini picha zitaanza kusuasua mara moja.

La pili lilikuwa kuzidisha mara mbili. Ndani ya mchezo ule mna kipimo cha kuongeza doti ili picha iwe nyororo, na shemeji, kwa nia njema, alikipandisha hadi asilimia 400. Ndani ya SteamVR nako kuna kipimo kingine cha aina hiyohiyo, nacho kilikuwa juu ya kawaida. Vipimo hivi viwili havijuani. Kila kimoja huzidisha kilichozidishwa na mwenzake. Tulirudisha vyote viwili kwenye asilimia 100. Grafu ikashuka hadi 15.

Hapa nataka kueleza jaribio moja ambalo, kwa maoni yangu, linafaa kuliko ushauri mwingine wote kwa michezo ya zamani. Punguza doti kwa nusu, kisha tazama grafu. Milisekunde zikishuka, mzigo ulikuwa kwenye kadi ya picha, na ni halali kuendelea kupunguza uzuri wa picha. Zisipobadilika, kadi ya picha haina kosa. Anayeelemewa ni prosesa. Michezo mingi ya zamani iliandikwa kwa ajili ya prosesa zenye kiini kimoja au viwili. Waweza kuwa na kompyuta yenye viini vinane, lakini mchezo ukakilemea kimoja huku saba vimekaa kivulini kama wanakijiji wanaomtazama mwenzao akichimba shimo. Katika hali hiyo kununua kadi mpya ya picha ni kutupa fedha.

Kwetu ilikuwa hivyo. Tulipunguza doti kutoka hapo, na grafu ikabaki 15. Kijana, ambaye hadi wakati huo alikuwa ameketi mbali amejifunika shuka, alisogea akauliza, "Mjomba, sasa tufanye nini?" Kabla sijajibu baba yake akasema, "Vioo." Sikumwelewa. Akaeleza kama dereva: lori lina vioo vya pembeni, kikubwa na kidogo kila upande, na kila kioo kinaonyesha barabara ya nyuma. Kompyuta haina kioo cha kweli. Kila kioo kinachoonekana ni picha nyingine inayochorwa upya, yenye miti yake na magari yake. Zidisha kwa macho mawili. Tulipunguza ubora wa vioo na umbali vinaoonyesha, kisha tukapunguza wingi wa magari barabarani. Grafu ikaonyesha 12. Tukaipanga miwani kwa picha 72 badala ya 90, ambapo kikomo ni karibu milisekunde 14, na hapo tulikuwa ndani ya kikomo na akiba kidogo. Baba na mwana walitazamana. Mimi nilijifanya nasoma karatasi.

Lakini kijana alipovaa, alisema maandishi ya dashibodi yana ukungu, na paji la uso linamwuma. Kwa tatizo hili grafu haisaidii. Kila mtu ana umbali wake kati ya mboni mbili za macho. Kwa watu wazima ni milimita 63 hivi kwa wastani, na kwa watoto ni pungufu. Miwani yetu ina nafasi tatu za lenzi, yaani 58, 63 na 68, nayo ilikuwa imepangwa kwa baba, mtu wa uso mpana, kwenye 68. Tulimpima kijana kwa rula ya shule mbele ya kioo cha kunyolea, tukapata 59. Tukairudisha miwani kwenye nafasi ya kwanza, na ukungu ukaondoka. Akina mama wanaogawana miwani moja kwa watoto wanne wakumbuke jambo hili kila inapobadili kichwa. Na mtoto aliye chini ya miaka 10 asivae kabisa. Hata watengenezaji wenyewe hawamruhusu.

Baada ya dakika 20 picha zilianza tena kukwama. Nilishika kompyuta, ikawa kama pasi. Tulikuwa tumeiweka juu ya godoro la kochi, imezibwa matundu, alasiri ya mji wa joto kama wetu ulio bondeni kando ya Ziwa Tanganyika. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi isije ikaungua. Tuliihamishia kwenye meza ya mbao, tukaiinua kwa vipande viwili vya ubao, na feni tukaielekeza ipulize kompyuta pamoja na uso wa dereva. Upepo usoni, kadhalika, hupunguza kichefuchefu. Vumbi la kiangazi nalo lifutwe matunduni kila mwezi.

Kuna mengine ambayo hayakutupata lakini nimeyaona kwa jirani. Kompyuta nyingi zina kadi mbili za picha, dhaifu na yenye nguvu, na mchezo wa zamani huweza kuangukia ile dhaifu. Katika mipangilio ya picha ya Windows, uuchagulie mwenyewe yenye nguvu. Waya wa kuunganisha miwani uwe wa USB 3, si ule wa kuchajia simu. Michezo mingine imefunga sheria zake za mwendo kwenye idadi ya picha: Skyrim ya kawaida, ya 2011, ikipita picha 60 kwa sekunde, vyombo huruka mezani vyenyewe. Mchezo wa namna hiyo usiulazimishe. Uchezwe ndani ya miwani kama sinema, kwenye kioo kikubwa kilichosimama mbele ya macho, mwili hauteseki. Vijana wananiuliza pia kuhusu GTA San Andreas ya miwani, iliyotangazwa 2021. Wasiingojee, mwaka 2024 kazi yake iliahirishwa bila kutajwa tarehe. Na lenzi zisielekezwe juani kamwe, hata kwa dakika chache dirishani, kwa sababu hukusanya miali na kuunguza kioo kilicho ndani, na fundi wa kukitengeneza hapa mjini sijamwona.

Nirudi Buyenzi. Tuliweka kanuni: dakika kumi, kisha kupumzika, na joto la ghafla au mate yakijaa mdomoni, miwani ivuliwe bila mabishano. Kijana aliendesha dakika kumi, akapumzika, akaendesha kumi tena. Baba alisimama nyuma yake akitazama kwenye kompyuta, akimwambia abadili gia kabla ya mlima na si katikati, asiangalie boneti bali mwisho wa kona. "Wewe ulikuwa unafanya hivi usiku?" kijana akauliza. Baba akajibu kwamba ndiyo, tena bila taa. Kisha akaeleza kwa muda mrefu, mambo ambayo hata dada yangu, aliyekuwa mlangoni na sinia la mchele, alikuwa hajapata kuyasikia.

Bibi ndiye aliyevaa wa mwisho, kwa kuombwa sana. Aliendeshwa na mjukuu wake katika barabara pana ya Ulaya, akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza mbona nchi nzima haina hata mtu mmoja anayetembea kwa miguu. Hakuna aliyeweza kumjibu. Akavua, akasema macho hayamwumi, akataka chai.

Karo ililipwa wiki iliyofuata kutoka mfuko mwingine. Kuhusu kuuza, dada yangu hajalitaja tena, ila ameshona mfuko wa kitenge wa kuihifadhia miwani isipate jua wala vumbi.