Swali la Tano Lisiloguswa

Katika kazi yangu ya kusahihisha mitihani ya majaribio ya wanafunzi wa uhasibu hapa Silibwet, hakuna kinachonisononesha kama ukurasa mtupu wa swali la tano. Maswali matatu ya kwanza yamejibiwa kwa ustadi, la nne limekatika katikati ya hesabu, na la tano limeandikwa nambari yake tu, kana kwamba mwenye kalamu aliitwa ghafla akaondoka. Ukimwuliza, atakwambia muda ulikwisha. Mimi nashikilia kwamba muda ulimtosha, ila aliugawanya vibaya.

Kasneb, bodi iliyoundwa mwaka wa 1969 na ambayo hutahini wahasibu wa nchi hii, kwa kawaida hutoa karatasi ya saa tatu yenye alama 100, na aghalabu maswali ya kujibiwa ni matano ya alama 20 kila moja. Alama ya kupita ni 50. Basi natupige hesabu ambayo watahiniwa wa hesabu, ajabu ya Mungu, hawaipigi. Mwanafunzi hodari aliyejibu maswali manne na kupata alama 12 katika kila moja ana alama 48. Ameanguka. Mwenzake wa wastani aliyejibu yote matano na kuambulia alama 10 katika kila moja ana 50, naye amepita. Saa tatu ni dakika 180. Kila swali la alama 20 lina dakika zake 36, na kijisehemu cha alama tano kina dakika tisa. Atumiaye dakika 20 kuieleza hoja ya alama nne amekopa muda wa swali jingine, na mkopo huo hana pa kuulipia.

Nayasema haya kwa uchungu wa mtu aliyeungua. Katika mojawapo ya mitihani yangu, mizania ilikataa kulingana. Pande mbili zilitofautiana kwa shilingi 36,000, nami nikaapa kwamba sitoki pale mpaka nizione. Nilirudia kujumlisha, nikafuta, nikaandika upya, dakika 40 zikateketea. Swali la mwisho lilihusu mambo niliyokuwa nikiwafundisha wenzangu, lakini kengele ililia sijaliandika hata neno. Usiku, nikiwa ndani ya matatu, kosa likanijia lenyewe: nilikuwa nimeutoa uchakavu wa gari katika hesabu ya faida na hasara, nikasahau kuupunguza katika mizania. Yamkini kosa lile lilinigharimu alama moja au mbili. Kulifukuza kulinigharimu karatasi nzima, na ada ya kuirudia ilitoka katika bonasi ya chai ya mama yangu.

Laiti ningalijua wakati ule jinsi hesabu zinavyosahihishwa! Msahihishaji hatazami tarakimu ya mwisho peke yake. Hugawa alama kwa hatua: hii ya uchakavu, hii ya madeni mabaya, hii ya bidhaa zilizobaki ghalani. Ukikosea mapema kisha ukaendelea kwa kanuni sahihi, kwa desturi ya kazi hii hupokonywi kila kitu kinachofuata. Lakini ni sharti aione njia yako. Anayebonyeza kikokotoo na kuandika jibu tupu hujinyima alama hizo kwa mkono wake. Na alama za kwanza za swali lolote ndizo rahisi. Zile mbili za mwisho ndizo huwatoa watu jasho. Akina mama wanaochuma majani katika mashamba yetu wanalielewa jambo hili bila kufundishwa darasani: huchuma lililo tayari, wakasogea kwenye mche unaofuata, wala hawashindi kwenye mche mmoja wakingojea chipukizi likomae.

Wapo wanaosema kwamba kumfundisha mwanafunzi mbinu za mtihani ni kumfundisha ujanja. Sikubaliani nao. Ujanja ni kubahatisha maswali na kusoma nusu ya silabasi, tabia ambayo nimeiona ikiwaangusha wengi. Kugawa muda ni sehemu ya uhasibu wenyewe. Marejesho ya kodi ya mtu binafsi yanatakiwa kabla ya Juni 30 kupita, na wakulima wanaokuja kusomewa hesabu za kiwanda chao hawatamngoja mhasibu anayetafuta shilingi mia iliyopotea.

Lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Tunakimbizana na silabasi mpaka juma la mwisho, kisha tunawapa wanafunzi karatasi za zamani wakazifanye nyumbani, daftari likiwa wazi, chai ikiwa mezani. Hayo si mazoezi ya mtihani. Isitoshe, tunazigawa karatasi hizo bila kuzikagua. Kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi wa Aprili 2020, ikarudishwa 16 Januari 2021. Anayekariri majibu ya mwaka ule huingia ukumbini na kiwango kilichokwisha kufa. Silabasi nayo ilibadilishwa mwaka wa 2021. Na katika karatasi ya kodi, viwango vya kutumiwa huchapishwa mwanzoni. Nimewaona wanafunzi wakiuruka ukurasa huo na kuandika vile walivyovikariri.

Nawaomba walimu wenzangu jambo moja kabla ya mtihani ujao. Watengeeni wanafunzi Jumamosi mbili, saa tatu kamili kila mara, vitabu nje, saa ya ukutani mbele yao. Pigeni kengele kila baada ya dakika 36, na ikilia, kila mmoja aache nafasi, afunue ukurasa mpya na kuanza swali jingine, hata kama mizania yake haijalingana. Mara ya kwanza watanung'unika. Wangu walinung'unika sana, na mmoja aliniuliza kama nataka aanguke. Nilimwonyesha karatasi yake ya mwezi uliotangulia, yenye maswali manne mazuri na alama 47.