Nyimbo za Tanga tumezitunza, wenyewe tumewapoteza

Mtu akihudhuria harusi pwani yetu ya kusini, iwe Msambweni, Gazi, Shirazi au Vanga, na angoje mpaka vijana wachoke na nyimbo zao za siku hizi zenye vishindo. Ikifika saa ile ya usiku mwingi, wazee wamebaki kwenye mikeka na vikombe vyao vya kahawa, mwenye mashine ataombwa aweke “zile za Tanga.” Hatatajiwa jina la wimbo wala la mwimbaji. Hayo maneno matatu yatosha, naye ajua. Na zikianza kulia, utawaona akina mama waliokwisha kuvaa viatu waende zao wakivivua tena na kukaa kitako.

Zile za Tanga ni nyimbo za Black Star Musical Club na za Lucky Star Musical Club iliyotokana nayo, vilabu viwili vilivyong’ara katika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya baadhi ya rekodi zao za zamani ikazitia katika sahani moja, ikaipa jina la Nyota. Sahani hiyo yenyewe ni wachache huku kwetu waliopata kuitia machoni. Lakini ukimsimamisha mtu mzima yeyote sokoni Msambweni ukamwimbia mwanzo wa wimbo mmojawapo wa vilabu hivyo, atakumalizia.

Mimi nasema, na najua kwa kusema hivi nitawaudhi wenzangu wa Mombasa na Unguja, kwamba katika taarabu zote zilizowahi kutiwa katika santuri, hakuna zilizopendwa Kwale kama hizi, wala hakuna zilizopitwa na kalamu za waandishi kama hizi. Tazama makala za taarabu zinavyoandikwa. Mwandishi ataanza na Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Ataingia kwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Kisha atavuka bahari aje Mombasa awataje Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, na Zein l’Abdin, aliyemfuata mwaka 2016, na hapo aweke kalamu chini. Tanga itapata sentensi moja, na nusu ya hiyo sentensi itakuwa juu ya mkonge.

Sababu yake si fitina. Mkenya anayeandika habari za taarabu aiona Tanga kuwa ni ya Tanzania, basi haimhusu. Mtanzania naye akitaka taarabu macho yake huenda Unguja. Tanga ikabaki katikati, kama mtoto wa ndoa mbili, kila nyumba yadhani amekula nyumba ya pili.

Sisi wa kusini hatukuwa na shida hiyo, maana kwa mtu wa Vanga, Tanga iko karibu kuliko Mombasa. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, na harusi ya Lunga Lunga huwa na wajomba waliotoka Horohoro asubuhi hiyo hiyo. Mwezi wa Februari mwaka 1977 serikali zilipogombana na mpaka kufungwa, ukakaa umefungwa mpaka Novemba mwaka 1983, mimi nilikuwa mtoto wa chuoni Msambweni, bado sijatoka katika juzuu ya Amma. Nakumbuka watu wazima wakilalamika juu ya jamaa zao wasioweza kuwaona. Lakini nakumbuka pia redio ya ami yangu, ambayo betri zake zilikuwa zikianikwa juani juu ya makuti ili zipate uhai wa jioni moja zaidi, na jioni hiyo Redio Tanzania Dar es Salaam ikaingia barazani kwetu bila ya kuulizwa pasi. Kwa miaka sita ile, sauti ya Shakila ilivuka Horohoro mara nyingi kuliko mtu yeyote mwenye stakabadhi.

Huyo Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, ndiye aliyeufanya mtindo wa Tanga ujulikane kila mahali. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka 2016. “Macho Yanacheka” na “Kifo cha Mahaba” ni nyimbo ambazo hata asiyependa taarabu amezisikia. Ana sauti isiyopiga kelele. Waimbaji wengine hukuita. Yeye hukusemesha kama mtu aliyekaa jamvi moja nawe, na kwa hiyo wewe ndiye usogezaye sikio.

Lakini sauti peke yake haielezi mambo. Taarabu ya vilabu vikubwa vya Unguja, kama Ikhwani Safaa iliyoundwa mwaka 1905, ni bahari: fidla safu nzima, udi, kanuni, na wimbo uendao mwendo wake usiokuwa na haraka. Watu wa Tanga walichukua gitaa na gitaa la besi, wakapunguza watu, wakatia mwendo wa dansi chini yake. Tena walikuwa wakiimba ndani ya kipimo cha sahani ndogo ya santuri, ambayo upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika chache. Malenga hana nafasi ya kuzunguka. Beti chache, kibwagizo, gitaa lipite katikati kama mtu apitaye uani akiitika hodi, halafu basi. Mimi ni mtunga mashairi, na nawaambia kwamba hiyo ni kazi ngumu kuliko utenzi wa beti mia mbili. Mtindo huo uliigwa pwani nzima, ukaingia bara mpaka Burundi. Taarabu ya kisasa iliyokuja na akina East African Melody katika miaka ya 1990, pamoja na vinanda vyake vya umeme na mipasho ya nusu saa, sikusudii kuitukana. Ina wapenzi wake. Ila nusu saa ni nyingi mno kumwambia jirani jambo moja.

(Wako masheikh wetu wasemao kwamba ala zote hizi hazifai, na hoja zao nazijua, maana nimesomeshwa na baadhi yao. Sibishani nao katika ukurasa huu. Nasema tu kwamba hata wao wazijua nyimbo hizi, na hawakuzijua kwa kuziba masikio.)

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kuna kijana mmoja wa Ukunda apigaye gitaa katika hoteli moja ya Diani. Kazi yake ya kila usiku ni “Malaika” na “Jambo Bwana,” kwa wageni waliokwisha kuungua jua. Usiku mmoja mgeni wa Kimarekani, mtu wa makamo, alimwomba wimbo wa kikundi kiitwacho Big Star. Kijana hakuwajua, akaenda kuwatafuta, na alipokuja kuniamkia akanihadithia. Big Star walikuwa vijana wa mji wa Memphis. Jina walilichukua kwenye duka la vyakula. Mwaka 1972 walitoa sahani yao ya kwanza, nyimbo fupi za magitaa makali na maneno matamu. Waandishi wakaisifu, lakini madukani haikufika ipasavyo, na ikauzwa nakala chache sana. Kikundi kikavunjika baada ya miaka michache. Walakini waliokuwa nayo hawakuiacha. Waliazimana, wakasifiana, wakaanzisha vikundi vyao kwa kuifuata, hata leo sahani ile isiyouzika yahesabiwa miongoni mwa zilizo bora katika muziki wao.

“Ami,” akaniambia, “nao ni nyota kama wetu wa Tanga.”

Nilicheka kwa jinsi majina yalivyogongana: Nyota Nyeusi, Nyota ya Bahati, na hiyo Nyota Kubwa ya Memphis. Nikamwomba anipigie mojawapo ya zile za Tanga. Akapiga moja, tena vizuri, kila kidole mahali pake. Nikamuuliza, huu ni wa nani? Akasema, “Ni wimbo wa nyanya.” Aliupata kwa nyanyake, jikoni. Nani aliyeutunga maneno? Hajui. Nani aliyepiga lile gitaa analoliiga kwa bidii yote hiyo? Hajui. Ni Black Star au Lucky Star? Hajui pia. Lakini wa Memphis alinitajia kwa majina: Chris Bell aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1978, Alex Chilton aliyekufa mwaka 2010, nani alitunga upi.

Simlaumu kijana. Hao wa Memphis aliwapata pamoja na majina yao, na hawa wa Tanga tulimpa sisi bila majina. Na namna tulivyoyapoteza majina hayo yastahili kuelezwa, maana haikuwa dharau. Ilikuwa mapenzi hasa.

Sahani ya santuri ina karatasi ya mviringo katikati. Pale pameandikwa jina la wimbo na la klabu, na mara nyingine la mwimbaji au mtungaji. Mombasa duka la Assanand lilitoa sahani nyingi za taarabu kwa chapa yake ya Mzuri, na aliyenunua sahani alinunua na ile karatasi. Zikaja kanda. Mwenye sahani akamrekodia jirani, jirani akamrekodia shemeji yake wa Kinango, na juu ya kanda pakaandikwa kwa kalamu ya wino, “Tanga Mchanganyiko.” Nilikuwa nazo tatu za jina hilo hilo, na ndani hazifanani. Kadiri wimbo ulivyopendwa ndivyo ulivyonakiliwa, na kadiri ulivyonakiliwa ndivyo ulivyokwenda mbali na ile karatasi. Leo umo katika simu, na simu yauita “Wimbo 07.”

Sisi tuliosoma chuoni twajua jina la msiba huu. Tulifundishwa kwamba maneno yakiletwa huulizwa yamepokewa kwa nani, naye kwa nani, mpaka mwanzo wake; na yakikosa sanadi, hata yawe mazuri namna gani, ni dhaifu. Sifananishi nyimbo na Hadithi za Mtume, hasha. Nasema ile tabia ya kuuliza ni yetu, tumekanywa kwa bakora tuwe nayo, na ajabu ni kuwa katika jambo tulipendalo hivi hatukuitumia.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mshairi, alinipinga. Asema utungo mzuri ukishatoka kinywani ni mali ya watu, na Waswahili hawakuwa wakihangaika na majina. Si kweli. Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja mwishoni, na wengine hata nasaba na tarehe. Na amtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Leo twamsoma kwa nini? Kwa sababu miaka mingi baada ya kufa kwake Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi yaliyokuwa yamebaki katika vifua vya wazee, akayaandika na kueleza lipi lilitungwa kwa ajili gani, akifanya kazi hiyo pamoja na padri Taylor. Diwani ikachapishwa mwaka 1940. Lau Mwalimu Sikujua angalisema mashairi ni mali ya watu, leo tungekuwa na misemo mizuri mizuri isiyokuwa na baba.

Na asiniambie mtu kwamba London imekwisha kutufanyia. GlobeStyle walifanya jema kutoa ile Nyota, nami nawashukuru. Lakini walikusanya nyimbo chache kati ya nyingi, na hawakuwa na nyanya wa kuwahadithia kwamba beti hii ilitungwa kwa ajili ya posa iliyovunjika, au gitaa hili lilipigwa na fundi cherehani wa mtaa fulani. Habari hizo haziko Uingereza. Ziko Tanga barabara ya ngapi, ziko Vanga, ziko Msambweni kwa mama aliyewahi kuolewa Tanga akarudi. Aliyekuwa na miaka ishirini sahani hizi zilipokuwa mpya sasa yuko katika sabini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wa Kwale si la fedha wala la mkutano. Aliye na sahani ya zamani chini ya kitanda, hata ikiwa imevunjika hailii tena, aisome ile karatasi ya katikati anakili kila kilichoandikwa, mpaka nambari. Aliye na mzee amuulize, na aandike na jina la huyo mzee, ili ajaye ajue yamepokewa kwa nani. Watu wa makumbusho pale Fort Jesus wana kazi ya kuhifadhi mambo ya Waswahili. Daftari la shule lenye majina hamsini si zito kulipeleka.

Mimi nimeanza. Mwezi uliopita nilikwenda Vanga nikaketi na wazee wawili, mashemeji, wote wapenzi wa zile za Tanga tangu ujanani. Niliwawekea wimbo mmoja katika simu. Wa kwanza akasema hiyo ni Black Star, ametia mkono na kuapa. Wa pili akasema, shemeji, umezeeka, hiyo ni Lucky Star, nami nilikuwapo harusini walipoupiga, na mpiga besi alikuwa mrefu hivi. Nikaandika yote mawili, na urefu wa mpiga besi. Nilipoaga kuwahi matatu ya Lunga Lunga walikuwa bado hawajapatana, na mmoja alikuwa amemtuma mjukuu aende kwa dada yake akaulize kama ile sahani bado ipo.