Daftari la redio si pambo

Hivi jamani, nani katudanganya kwamba daftari la redio melini ni urasimu? Mkataba wa SOLAS, sura ya 4, kanuni ya 17, unataka mawasiliano yote muhimu kwa usalama wa maisha baharini yaandikwe. Titanic ilipozama 1912, wachunguzi walijua nani aliita saa ngapi kwa sababu waendesha redio wa meli nyingine na wa pwani waliandika. Sisi tulizika wa Spice Islander 2011, tukazika wa Skagit 2012. Sasa wewe unayejaza daftari kwa kukisia zamu ikiisha, unamdanganya nani? Daftari la meli laweza kuzama nayo. La kituo cha pwani linabaki. Likiwa tupu, tutamhoji nani, samaki?