Zimekaa pamoja, lakini si mahali pake



Leo naomba nikupeleke mahali ambapo huenda hujawahi kufika, na ambapo hukutarajia kupata neno la Jumapili: uwanja wa kulenga shabaha.

Jirani yangu hapa Kondoa, Mkristo mwenzetu, alinunua bunduki ya kuwindia iliyokwisha kutumika. Kibali cha kuimiliki anacho, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea, na alikuwa akijiandaa kuomba leseni ya kuwinda. Kabla ya hapo alitaka kuijua silaha yake. Akaomba ruhusa ya kuijaribu mahali panaporuhusiwa, akamwita mzee mmoja wa usharika wetu aliyefanya kazi ya kusoma nyayo kwenye kambi za uwindaji kwa miaka mingi. Mimi nikaomba niende kutazama tu.

Bunduki yenyewe ni ya bolti. Ukishapiga risasi moja, unainua mkono wa bolti, unauvuta nyuma, ganda linaruka nje, unausukuma mbele na risasi nyingine inaingia. Mtindo huo ni wa zamani. Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898 imeigwa na viwanda vingi hadi leo. Si silaha ya haraka. Kila risasi unaiamua peke yake.

Mzee hakukubali ipigwe tulipofika tu. Kwanza alipitisha bisibisi kwenye kila skrubu, akakuta moja inayoshika darubini imelegea. Akaikaza. Akasema bunduki iliyolegea haina tabia, leo itapiga huku na kesho kule, na utajisumbua bure kuirekebisha. Kisha akachomoa bolti, akailaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akachungulia ndani ya mtutu wenyewe mpaka akaiona karatasi ya shabaha iliyokuwa mita 25. Akaizungusha darubini mpaka nayo ikatazama palepale mtutu unapotazama. Ndipo karatasi ikapelekwa mita 100.

Jirani akapiga risasi tatu, bila pupa, akiacha mtutu upoe kati ya moja na nyingine, kwa kuwa mtutu uliopata moto huweza kupeleka risasi pengine. Tukatembea hadi kwenye karatasi. Matundu matatu yalikuwa yamekaribiana kiasi kwamba ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa. Jirani akapiga makofi. "Bunduki nimepata!"

Mzee akaweka rula. Matundu yalikuwa sentimita 14 kushoto kwa alama na sentimita 7 chini yake.

"Zimekaa pamoja, mwanangu," akasema. "Lakini hazijakaa mahali pake."

Neno hilo nimelibeba tangu siku ile, na ndilo ninalokuletea leo.

Sikiliza alivyotufafanulia. Risasi kukaa pamoja ni jambo moja, na risasi kukaa mahali pake ni jambo jingine. Kukaa pamoja kunaonyesha kwamba bunduki ni nzima na mkono wa mpigaji umetulia. Hakuonyeshi hata kidogo kwamba analenga sawasawa. Mtu anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima, mkono ukawa imara kama mwamba, na kila siku akawa anazidi kukosea kwa ustadi. Kinachohitajika hapo si bidii zaidi. Anatakiwa akubali kwamba darubini anayoitazamia imepinda, kisha aizungushe.

Jirani, kwa utani, akasema tuchore duara jipya pale zilipotua risasi, mambo yaishe. Tulicheka. Lakini njiani kurudi sikuwa nacheka tena, kwa sababu nilikuwa namjua mtu aliyechora duara la namna hiyo. Mtu huyo ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa wazee wa kanisa waliokaa kikao cha binti wa kwaya aliyeonekana ana ujauzito. Kikao kilichukua muda mfupi. Tulikuwa na utaratibu, tulikuwa na andiko, na wote tulikuwa na kauli moja. Akasimamishwa kwaya, akazuiwa Meza ya Bwana, jina lake likasomwa mbele ya watu Jumapili iliyofuata. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba leo baraza limefanya kazi kwa umoja. Kijana aliyehusika hatukumuuliza mtu. Aliendelea kuimba besi mstari wa nyuma, na baadhi yetu tulijua.

Zilikaa pamoja, msomaji. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyetetereka. Hazikukaa mahali pake.

Fungua Biblia yako, Waamuzi sura ya 20. Mstari wa 16 unataja watu 700 wa Benyamini, wenye kutumia mkono wa kushoto, hodari wa kombeo kiasi cha kuweza kulenga unywele bila kukosa. Katika Kiebrania, neno la "kukosa" lililotumika hapo ni lile lile ambalo mahali pengi katika Agano la Kale hutafsiriwa "kutenda dhambi". Hata neno la Kigiriki linalotafsiriwa dhambi katika Agano Jipya lina mzizi huo, maana zamani lilitumika hata kwa mkuki uliopita pembeni. Dhambi ni kukosa shabaha. Wahubiri hupenda kulisema hilo, na ni kweli.

Lakini mara nyingi tunaishia hapo, hatuulizi wale hodari 700 walikuwa wanampigania nani. Rudi nyuma sura moja. Mwanamke alikuwa amebakwa usiku kucha na watu wa Gibea mpaka akafa. Israeli wakadai wahalifu watolewe, Benyamini wakakataa. Watu ambao kombeo lao halikosi unywele walisimama kuwalinda waovu wa Gibea. Hawakukosa kwa mkono. Walikosa kwa upande waliosimama.

Ndivyo walivyokuwa pia wale waliomleta mwanamke mbele ya Yesu katika Yohana sura ya 8. Andiko walikuwa nalo, mawe walikuwa nayo, na walikuwa wamoja. Lakini sheria waliyoitaja, ukiisoma katika Walawi 20:10, inawataja wawili, mwanamume na mwanamke. Wao walileta mmoja. Yesu hakubishana nao juu ya sheria. Aliwageuza wajitazame wenyewe kwanza, na wazee ndio waliotangulia kuondoka. Mimi ni mzee wa kanisa, na mstari huo nausoma nikiwa nimeinamisha kichwa.

Najua wapo watakaosema nadhoofisha nidhamu ya kanisa. Hapana. Mzee wetu hakumwambia jirani aitupe bunduki. Alizungusha kifundo cha pembeni cha darubini, kile chenye mlio mdogo kila kinapogeuka, kisha kile cha juu. Katika darubini ile kila mlio husogeza risasi kama milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Akahesabu milio 20 kwenda kulia na milio 10 kwenda juu. Bunduki ileile, mkono uleule, risasi za aina ileile, na tatu zilizofuata zikaizunguka alama. Kanisa lisilo na nidhamu ni bunduki iliyolegea skrubu. Kanisa lenye nidhamu isiyopimwa ni bunduki inayopiga pamoja mahali pasipo pake, na nasema hiyo ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu mwenyewe huwa na furaha.

Hatari kwa nani? Hapo ndipo mzee alipobadilika sura. Alisema kwenye karatasi sentimita 14 ni mzaha, lakini kwa mnyama ni tofauti ya moyo na tumbo. Mnyama aliyepigwa tumboni haanguki. Huondoka na maumivu yake porini, na kama ni nyati, atakayelipa ni mchunga ng'ombe au mama wa kuni atakayepita njia ile kesho. Ndiyo maana kwenye kambi, mgeni akishawasili na bunduki yake, hata kama aliipima kwao Ulaya wiki iliyopita, haingii porini mpaka aipige kwenye karatasi kwanza. Safari ya ndege na barabara zetu zinaweza kuisogeza darubini bila yeye kujua. Na mnyama akijeruhiwa akapotea, huhesabiwa kwenye leseni kama aliyeuawa. Mwindaji hulipa.

Nchi hii yetu inajua mambo ya kulenga tangu zamani. Michoro ya miambani ya Kolo na maeneo jirani, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina wanyama na ina watu wenye pinde. Wasandawe, upande wa Chemba, wamewinda kwa upinde na mishale ya sumu kwa vizazi vingi. Mwenye upinde hana budi kusogea karibu hadi amwone mnyama vizuri, na akishaachia mshale kazi yake haijaisha. Anafuata nyayo na damu, hata saa nyingi, kwa sababu alichokipiga ni chake. Bunduki imetupa uwezo wa kuumiza kutoka mbali. Barua ya kikao nayo ni hivyo hivyo. Tunaipiga kutoka mezani, tunafunga kwa sala, tunakwenda kula.

Binti yule alihamia Babati kwa mama yake mdogo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefuata damu. Mwindaji hufuata ili ammalize mnyama, lakini mchungaji mwema wa Luka 15 hufuata ili ambebe mabegani. Sisi hatukufuata kwa nia yoyote.

Wiki chache baada ya siku ile ya shabaha, nilipanda basi kwenda Babati. Alinipokea kwa heshima, akaniamkia shikamoo, akachemsha chai. Mtoto alikuwa anacheza mlangoni, ameshaanza shule. Nikamwomba radhi kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Baba, siku ile mlimuuliza nani mwingine?"

Sikuwa na jibu. Sina hata leo. Hajarudi katika usharika wetu, na sidhani nina haki ya kumdai arudi. Lakini swali lake nimelipeleka kwenye baraza, na tumeandika kwamba hakuna kikao cha namna hiyo kitakachoanza kabla ya swali hilo kujibiwa. Ni milio michache ya kifundo. Imechelewa sana kwake, ila huenda ikamfaa mwingine.

Mpendwa msomaji, pengine wewe si mzee wa kanisa. Lakini una watoto unaowaadhibu, una mke au mume unayemsahihisha, una mfanyakazi wa nyumbani, una kikundi cha akina mama au jumuiya inayosikiliza kauli yako. Nakuomba uipeleke bunduki yako kwenye karatasi kabla hujaingia porini.

Kaza kwanza kilicholegea. Mtu mwenye hasira, mwenye njaa au mwenye kinyongo cha jana asihukumu leo. Usizungushe darubini kwa sababu ya risasi moja, wala usimhukumu mtu kwa neno la mmoja. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu, kama mzee wetu alivyotaka matundu matatu. Usitegemee jinsi ulivyojisikia ulipovuta triga, bali tembea mpaka kwenye karatasi uone ilipotua. Maana yake, mwendee yule uliyemrekebisha, umuulize ilimpata wapi. Ukikuta umekosea, usichore duara jipya.

Mtume Paulo, kabla ya njia ya Dameski, hakuwa mtu legelege. Yeye mwenyewe anawaandikia Wafilipi kwamba alikuwa na juhudi hata ya kuliudhi kanisa. Bwana hakumwondolea juhudi ile. Aliigeuza, akamwangusha chini na kumuuliza kwa nini anamuudhi. Siku tatu hakuona, na alipofumbuliwa macho alikuwa na bidii ileile iliyoelekezwa pengine. Na mwimbaji wa Zaburi ya 139, baada ya kuwalaani maadui wa Mungu kwa ukali, anamalizia kwa kumwomba Mungu amchunguze yeye mwenyewe, aone kama ndani yake mna njia mbaya. Hayo ndiyo maombi ya mtu aliyeshika silaha na anaogopa kuumiza asiyestahili.

Jioni ile, tukiwa tunafungasha, jirani alimuuliza mzee kama sasa bunduki ni tayari. Mzee akaifuta mtutu, akamkabidhi.

"Leo ni tayari," akasema. "Julai tutaipima tena."